Mgeni Aliyekamatwa kwa Utani

Siku ya kuanua tanga la Bi Somoe tulikuwa uani kwa binti yake, mjini Lindi, tukichambua mchele, wakati mjukuu wake mmoja aliponisogelea na kuniuliza swali ambalo nadhani alikuwa amelishikilia tangu asubuhi. "Bibi, eti ni kweli Bibi Somoe aliwahi kumteka Mzungu?" Mwanamke mmoja akamkemea: msibani si mahali pa kuuliza upuuzi. Lakini wengine walikwisha kuacha nyungo zao, wananitazama. Walikuwa wameisikia hadithi hiyo kwa miaka, kila mara imeongezewa chumvi. Katika toleo la mwisho nililosimuliwa siku ile, Mzungu alifungwa kamba. "Kamba haikuwapo," nikawaambia. "Mengine ni kweli. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani." Nikawasimulia kwa kifupi, maana mchele ulikuwa unangojewa jikoni. Nikirudi nyumbani niliona kwamba kifupi hakikutosha, na kwamba mtu aliyenifundisha kazi ya ukaribishaji hastahili kuondoka duniani na hadithi iliyofungwa kamba ambayo haikuwapo.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka chuo kikuu na shahada na mdomo. Watu wa bara ya Lindi walikuwa ndiyo kwanza wamehamishiwa katika vijiji vipya, na mimi nilipangiwa kazi ambayo sikuiomba: kupokea wageni. Walikuja kutoka nchi rafiki, madiwani, walimu, viongozi wa vijana na wa akina mama, wakae nasi siku chache waone jinsi tunavyojitawala vijijini, watueleze na wao wanavyoendesha mambo kwao. Kazi yangu ilikuwa kuwapokea, kuwalaza mjini usiku wa kwanza, kuwapeleka kijijini, kuwakalimania, na kuwarudisha wakiwa wazima. Nilikuwa siamini hata kidogo. Chuoni nilizoea kusimama katikati ya mhadhara na kuuliza, "Kwa ushahidi gani?" Sasa nilikuwa nasimama kando ya mstari wa watoto wanaoimba wimbo uleule, mbele ya zahanati ileile iliyopakwa chokaa upande wa barabarani tu, nikitafsiri hotuba ileile ambayo hata mbuzi wa kijiji walikuwa wameijua. Niliona tunaigiza, wageni wanaigiza kwamba hawaoni tunaigiza, na mimi nalipwa mshahara kuwasomea pande zote mbili maneno yao.

Mjini wageni walilala orofani, juu ya duka la Bwana Karim, chumba cha sakafu ya mbao yenye nyufa, ambazo mwanga wa taa ya dukani ulizipenya ukachora mistari darini. Kitanda kilikuwa kimoja cha chuma na kimoja cha kamba; mimi nililala cha kamba. Kila kilichosemwa chini tulikisikia juu: mawe ya mizani yakiwekwa, mafuta ya taa yakimiminwa, na Shirinbai, mke wa Bwana Karim, akijadiliana na wateja habari za wageni wetu kana kwamba wapo Zanzibar. "Wa leo mrefu. Kitanda kitamtosha?" "Si atoe miguu dirishani!" "Na anakula pilipili?" "Akishindwa tutajua, maji yataisha mtungini." Shirinbai alituandalia chapati na dengu, na mchuzi wa samaki kutoka Sudi ukiwa na ukwaju mwingi, akasimama mlangoni mpaka tumalize, maana hakuamini mgeni anayesema ameshiba. Nyumba ile aliijenga baba wa Bwana Karim. Katika mwaka huo ilikwisha kutaifishwa, nao walikuwa wakiishi humo kama wapangaji, wakilipa kodi serikalini. Mara moja tu nilimsikia Shirinbai akiligusa jambo hilo, tena akiwa anafuta meza. "Mimi nakaribisha wageni nyumbani ambamo mimi mwenyewe ni mgeni," akasema. "Haya, kula mwanangu, inapoa." Nilikuwa na nadharia tayari ya kumjibu, juu ya umilikaji na mirija ya unyonyaji, na sijui kwa nini niliimeza pamoja na dengu. Labda kwa sababu sahani ilikuwa yake.

Kijiji tulichowapeleka wageni kiliitwa Umoja, kupita Milola, barabara ambayo masika ilikuwa mto na kiangazi ilikuwa vumbi jekundu hadi kwenye kope. Nyumba zilipangwa kwa mistari iliyonyooka, jambo lililowafurahisha sana wageni na kuwachanganya wazee, ambao jioni walikuwa wakiingia nyumba zisizo zao. Ya Bi Somoe ilikuwa mstari wa pili. Alikuwa mjane wa makamo, Mmwera, mwembamba, mwenye sauti iliyomzidi umbo, na kamati ilimchagua kulaza wageni wanawake kwa sababu nyumba yake haikuwa na kunguni. Vyumba viwili na ukumbi. Chumba cha mgeni alikisiriba upya kila mara, kwa hiyo kilinuka udongo mbichi kama kisima. Siku ya kwanza nilipomwamkia, "Shikamoo mama," alijibu "Marahaba," akanitazama kichwani hadi miguuni, akauliza, "Wewe ndiye Bi Msomi? Unajua kutwanga?" Nikasema najua kidogo. "Basi kidogo hicho kitatusaidia." Nilitwanga. Kwa mwaka mzima, kila nilipofika na maswali yangu, alinipa mchi kwanza.

Ni kwenye kinu hicho nilikojua alichokuwa akikitaka. Nilimuuliza, kwa ule ufidhuli wa ujana nilioudhania kuwa ni ukweli, kama anaipenda Umoja au anasema tu mbele ya wageni. Hakukasirika. Alisema kisima kiko karibu, shule iko karibu, na binti yake Sharifa anasoma. Hayo si ya kuigiza. "Lakini watu tulihama," akasema, "mikorosho haikuhama." Yake ilikuwa Nakitundu, kijiji cha zamani, nyuma ya vilima, mwendo wa kutoka alfajiri hadi jua la utosi. Aliipanda na marehemu mumewe. Tangu wahamishwe haikufyekwa chini, nyasi zimefika kifuani, na kila mtu alijua kiangazi kinaleta moto wa msituni: ukiingia kwenye nyasi zile, mikorosho yote inaondoka siku moja, na haioti upya kwa kuimbiwa. Yeye na wanawake wenzake waliomba mara kadhaa ruhusa ya kwenda kufyeka na kuokota korosho msimu ukifika. Walikataliwa. Katibu Tarafa alisema mtu akirudi mahame hata kwa siku moja, kesho atajenga kibanda, keshokutwa kijiji kitakuwa tupu, na wageni wanakuja. "Kwa hiyo mnangoja nini?" nikauliza. "Twanga," akasema. "Unga huo bado mnene."

Katibu Tarafa huyo aliitwa Bwana Komba, Mngoni kutoka Songea, mtu mnene mwenye leso ya kufutia jasho na sauti ya redio. Mara ya kwanza nilipomwona na Bi Somoe pamoja, nilidhani nashuhudia mwisho wa mama yule. Bwana Komba alishuka kwenye Landrova, watu wote wakasimama kwa heshima, na Bi Somoe akapaza sauti kutoka jikoni: "Fungeni kuku, Mngoni amekuja!" Bwana Komba akageuka polepole. "Nani huyo anayeongea? Mbona sauti inatoka chini? Nilidhani Wamwera wote wako juu ya miti." "Tulipanda kwa sababu babu zako walikuwa wanatukimbiza! Walitoka kusini huko kwa miguu kutafuta ng'ombe, wakafika kwetu wakakuta mihogo, wakasahau njia ya kurudi." "Na ninyi mkapenda huko juu, ndiyo maana hadi leo hamwezi kuishi bila mikorosho." Watu walikuwa wakiangua kicheko, Katibu mwenyewe leso machoni. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Nachinuku, ambaye hakuwahi kufanya mzaha maishani mwake, ndiye aliyenieleza kwa uso mkavu: babu zao walipigana, vita vikaisha, ukabaki utani. Mtani anaweza kukutukana, kukunyang'anya kofia, hata kulala kaburini siku ya msiba wako akakataa kutoka mpaka apewe kitu. Huwezi kununa. Ukinuna, umeshindwa, na faini inaongezeka. Nilikuwa nimesoma juu ya utani katika kitabu fulani chuoni, na nilikuwa nimepata alama nzuri. Ningeulizwa, ningeeleza vizuri kabisa, na bado nilikuwa nimesimama pale nikingoja pingu.

Kaarina alikuja mwanzoni mwa kiangazi. Alikuwa diwani wa mji mdogo huko Ufini, umri wangu, kimya kama jiwe la mtoni. Wageni wengine walisifu kila kitu, yeye alitazama. Wenzake wawili walilazwa mstari wa kwanza kwa mwenyekiti, yeye akawekwa kwa Bi Somoe pamoja nami, na jioni ya kwanza tulikaa jikoni tukimenya ming'oko iliyochemshwa kwa chumvi, vile vizizi vya porini ambavyo mgeni akivionja hajui kama ni chakula au ni mchezo. Alikula vingi. Bi Somoe akaniambia, "Huyu hana maneno, lakini ana meno," na kuanzia hapo akampenda. Siku zilizofuata Kaarina alienda naye kisimani, shambani, kwenye mkutano wa kamati, ambako aliuliza swali moja tu: kama akina mama wana kura sawa, mbona wote wamekaa nyuma? Nilitafsiri kwa furaha isiyo ya kikazi. Mzee Nachinuku akajibu kwamba nyuma kuna kivuli. Usiku tulipokuwa tunalala, Kaarina aliniuliza Bi Somoe huwa anatazama nini upande wa vilima akianika nguo. Nikamweleza habari za Nakitundu. Kisha akasema mama yake pia aliacha nyumba, wakati wa vita, ikabaki upande wa pili wa mpaka, na mpaka leo mama huyo akipika hulalamika kwamba jiko si lile. Asubuhi nilimwambia Bi Somoe. Alikuwa anapepeta. Mkono ukasimama kidogo, ungo ukiwa hewani, halafu akaendelea. Mimi nikadhani hayo yamekwisha.

Siku ya kuondoka watu walijaa uwanjani, wimbo ukaimbwa, hotuba ikasomwa. Wenzake Kaarina wakapanda Landrova. Bwana Komba akatazama saa, akaniuliza mgeni wa tatu yuko wapi. Tukaenda nyumbani kwa Bi Somoe, kijiji kizima nyuma yetu. Tulimkuta amekaa mlangoni, juu ya sanduku la Kaarina, miguu ameinyoosha mbele kama mwari, kanga ameifunga kiunoni. Kaarina alikuwa ndani, nyuma ya bega lake, haelewi.

"Bi Somoe," akasema Bwana Komba, "gari linangoja."

"Lingoje. Babu zako walipokuja kuchukua mama zetu, waliambiwa gari linangoja?"

Kicheko. Bwana Komba akatoa leso. Alikwisha kuelewa yuko wapi. "Haya. Umefanya nini, mwanamke?"

"Nimechukua mateka. Ninyi mlichukua wengi, mimi nimechukua mmoja. Kwetu hesabu bado."

"Nimkomboe kwa kitu gani? Kuku?"

"Kuku ninao."

"Doti ya kanga."

"Kanga ya Mngoni inanuka pombe."

Wanawake walikuwa wameshikana mabega kwa kucheka. Bwana Komba naye alikuwa anacheka, tumbo likitikisika, akasema basi ataje mwenyewe anachotaka, Wangoni si wachoyo. Bi Somoe akangoja kicheko kipungue. "Nipe mikorosho yangu," akasema. "Nipe ruhusa, mimi na wenzangu hawa, twende Nakitundu tufyeke, na korosho zikianguka tuziokote, turudi. Ukinipa, mgeni wako huyu hapa, hajapungua hata unywele. Usiponipa, nitamwoza hapahapa. Mume nimeshamwona."

Hakuna aliyecheka tena. Nilisikia Landrova ikinguruma kule uwanjani. Mzee Nachinuku alinishika kiwiko, akaninong'oneza kwa haraka: "Mwambie mgeni ni ngoma ya kuagana. Mwambie ndiyo desturi." Na kwa sehemu ilikuwa kweli, ndilo lililokuwa gumu. Kaarina alikuwa ananitazama. Nilijua kazi yangu ilikuwa imesimama mlangoni pale pamoja na mikorosho ya watu, nami nikamwambia kama ilivyo, neno kwa neno: kwamba ametekwa, kwamba ni utani na si utani, na fidia inayotakiwa ni ile niliyomweleza usiku. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainama, akapita chini ya mkono wa Bi Somoe, akajibana naye juu ya sanduku, akanyoosha miguu yake mirefu kandoni mwa ile mifupi. "Mwambie Bwana Katibu," akasema, "mateka hana malalamiko."

Nilitafsiri. Kicheko kilichopanda hapo kilikuwa cha namna nyingine, na Bwana Komba hakuwa na pa kwenda. Alifuta uso, shingo, akafuta tena uso ambao ulikuwa tayari mkavu. Nilimwona akitafuta hasira na kuiweka chini, maana kununa kungekuwa kushindwa mbele ya Wamwera, na kucheka kungekuwa kukubali. Akachagua. "Nyani ninyi wa mikorosho," akasema kwa sauti ya chini. "Nendeni."

"Sema wasikie."

"Nendeni!" akanguruma ile sauti ya redio. "Mkafyeke, mkaokote, mpaka msimu uishe! Halafu mrudi hapa, wote. Akikosa kurudi hata mmoja, nitakuja mwenyewe kumshusha Bi Somoe mtini!"

Vigelegele vilifika, nadhani, hadi Milola. Bi Somoe alisimama, akakung'uta sanduku kwa kanga, akalibeba mwenyewe kichwani mpaka kwenye gari. Na Kaarina, ambaye hakuwa na maneno, alilia waziwazi dirishani, mpaka mama yule akamkaripia kwamba ataharibu macho.

Njiani nilikaa nyuma ya Bwana Komba. Sikuweza kujizuia. "Bwana Katibu, kama asingekuwa mtani wako, ungefanyaje?"

"Ningemweka ndani," akasema bila kugeuka.

"Na mikorosho ingeungua."

"Ndugu, wewe unauliza. Mimi naulizwa." Gari likaruka shimo. "Wakiniuliza wilayani nitawaambia nilikomboa mgeni wa taifa. Wakikataa, waje wao watekwe."

Mpaka leo swali hilo sijalimaliza. Nilimbana nalo Bi Somoe mwenyewe, baadaye, tukitwanga: haki gani hii ambayo mtu mzima lazima aivalishe mzaha ndipo apewe? Kwa nini asiipate kwa kuiomba, kama raia? Ningali naamini swali lilikuwa zuri. Yeye alisema, "Mwanangu, ningengoja ije bila kicheko, moto ungefika kwanza." Nimeishi na jibu hilo kwa miaka mingi, katika ofisi kubwa kuliko ile ya Lindi, na nimekuwa nikibadilisha mawazo juu yake kila baada ya muda. Kuna siku naona lilikuwa hekima, na kuna siku naona lilikuwa msiba. Kaarina sikumwona tena. Wageni wengine walikuja, zahanati ikapakwa chokaa pande zote, na nilianza, pasipo kujua ni lini, kuwapokea watu kana kwamba kuna jambo linaweza kutokea.

Msimu wa korosho ulipofika niliomba likizo, nikafuatana nao. Tuliondoka Umoja kabla ya jua, wanawake na vikapu, na Sharifa mbele akiimba wimbo wa wageni kwa maneno ambayo wageni hawakuwahi kuimbiwa. Walikwisha kufyeka wiki zilizotangulia. Moto ulipita kweli upande wa bondeni, ukaacha weusi hadi kwenye ukingo wa nyasi walizokata, ukaishia hapo. Mikorosho ilisimama nje ya weusi huo, imebeba, mabibo mekundu na ya njano chini yake yakinuka uchachu mtamu uliopanda puani kama pombe. Wenzetu walitua vikapu na kuanza kuokota, wanaitana kutoka mti hadi mti. Bi Somoe hakutua. Alipita mikorosho yake akiigusa shina moja moja, akaenda mbele hadi mahali palipokuwa na nguzo chache zilizoliwa na mchwa, paa lilikwisha kung'olewa tangu siku ya kuhama. Akavunja vijiti, akavifunga fagio, akafagia. Alifagia kwa mstari, akakata kona, akafagia tena, mpaka ardhi nyekundu ikajitokeza katikati ya majani, safi, ya pembe nne.

Jua lilikuwa kali na mimi nilitaka kivuli kilichokuwa upande wa pili, kwa hiyo nikaanza kukatiza.

"Wee!" akapiga kelele. "Unapita ukutani? Zunguka mlangoni."

Nilisimama mguu hewani. Hakuwa anacheka. Nikarudi nyuma, nikazunguka kwenye nyasi mpaka kwenye nguzo mbili zilizokaribiana, nikasimama nje yake, jasho linanitoka.

"Hodi," nikasema.

Aliliegemeza fagio mahali ambapo bila shaka palikuwa na kona, akajifunga kanga vizuri, akapangusa mikono, kama mwenyeji yeyote ambaye amegongewa akiwa kazini na hataki mgeni amkute hivyo.

"Hodi," nikarudia.

"Karibu," akasema Bi Somoe. "Pita ndani, mgeni wangu."

Nikavua viatu, nikaingia.